Mwaka wa Kusimama Kizingitini

Binti yake Bi Lau alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua mchele, akaniambia mama yake ametutoka. Amefia ng'ambo kwa mwanawe na huko huko wamemzika, na ile nyumba ya Troyeville imekwisha kupata mnunuzi. "Vitu vyote tumeshavifunga kwenye makasha, Anti Rukia," akasema. "Lakini kabla hatujakabidhi funguo, watoto wangu wanaomba uje uwatembeze." Nikamwuliza niwatembeze kwenye nini, kuta? Akasema njoo tu, mama angependa. Nikauacha mchele kwenye ungo nikaenda kufungua kabati. Mie si mtu wa kuchagua nguo. Navaa iliyo juu natoka. Siku ile nilichagua. Nilipitisha mkono juu ya madira yote ya maua mpaka nikalifikia gauni refu jeupe la pamba na mtandio wake, nikalipiga pasi taratibu, kola, mikono, pindo. Upo mwaka mmoja niliovaa nyeupe katika nyumba ile kwa kutojua, na nusura inikoseshe mji huu wote. Safari hii nilijua ninachokifanya.

Nasema mwaka wa nne baada ya uchaguzi ule wa huku Afrika Kusini ambao watu walipanga foleni hadi mwisho wake usionekane. Mambo ya kwetu Tanga na ya ukoo nayaacha. Kila mtu ana kwao. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, kwamba Vusi alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni pale, kwamba wenzake waliporudi kwao alirudi nao nami nikamfuata mume wangu, na kwamba jioni moja akitoka kazini Midrand gari alilopanda lilipinduka, asifike. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Msiba ulikaa kwa mama yake, MaNkosi, katika nyumba yake ya matofali mekundu, mtaa ule ule wa Troyeville, yenye varanda ya mbele ya kukaribishia wageni na jiko la nyuma ambalo ndilo lililokuwa nyumba hasa. Walinitandikia godoro sebuleni wakawasha mshumaa, na wanawake wa kanisa lake wakawa wanaingia na kutoka na mabeseni ya skonzi na majagi ya tangawizi baridi. Kizulu changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Nililala pale nikiwasikiliza jikoni, sauti zikishuka kila zilipofika kwenye neno "makoti", yaani mke wa mwana, ambaye ni mimi, na baada ya neno hilo kimya na vijiko kwenye vikombe. Nilijua wananijadili: huyu mgeni, huyu Mwislamu, tutamfanyaje.

Walichonifanya ni kunivika nyeusi. MaNkosi aliniletea mwenyewe, gauni, kilemba na shali, vyote vyeusi, vimekunjwa vizuri, akaniwekea mapajani. Kwao mjane anavaa hivyo mwaka mzima. Ana sahani yake na kikombe chake, kwenye teksi anakaa kiti cha nyuma, hapazi sauti, haendi penye sherehe. Sikubisha. Mie nilikuwa na eda yangu ya kwetu, miezi minne na siku kumi, ya kutulia ndani bila manukato, bila wanja, bila pambo. Nikafikiri zitakaa pamoja, eda yangu ndani ya mwaka wake, bila kugombana. Na kweli hazikugombana, mpaka eda ilipokwisha, nikaoga, nikatoka bafuni nikamkuta MaNkosi anasonga pap, ugali wao, nikamwambia nakwenda kutafuta kazi.

"Umeoga, sawa," akasema bila kugeuka. "Lakini mwaka haujaisha, makoti."

"Mama, eda yangu imekwisha. Kaka zangu wameshanitumia salamu kwamba nirudi Tanga, wanitafutie mume mwingine. Sirudi. Vusi yuko huku na mie niko huku. Lakini siwezi kukaa huku nikisubiri sahani."

"Mjane hasimami mbele za watu akapaza sauti. Anawapelekea watu nuksi."

"Sitapaza. Nitasema taratibu."

"Hhayi! Una jibu kwa kila kitu, wewe."

"Nyeusi nitaivaa mpaka wewe mwenyewe useme basi. Hilo nakuahidi, Mama."

Akauweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye macho ya Vusi, na hilo lilikuwa gumu kuliko maneno yake yote. "Mwaka unaisha nikisema mimi," akasema. "Mimi niliyemzaa." Kisha akanipakulia kwenye sahani yangu, ile ya peke yake, na akanijazia.

Asubuhi iliyofuata nikatoka nimevaa nyeusi zangu. Nilisikia kuna watu wa cherehani wanatafuta wasaidizi upande wa Bezuidenhout Valley. Sikufika huko, nilifikishwa na pua yangu mahali pengine. Miezi yote ile sikuwa nimenusa udi, na mtu wa pwani asiponusa udi muda mrefu anakuwa na njaa yake, wala si mzaha. Nikakata kona nikasikia harufu. Haikuwa udi wa kwetu. Ilikuwa nyembamba, kavu zaidi, lakini ulikuwa moshi wa heshima, hilo nililitambua hapo hapo. Ulitoka dirishani mwa nyumba ya kizamani kama ya MaNkosi, ila lango lake limepakwa rangi nyekundu, na ubaoni wameandika: makumbusho ya sanaa za Kichina na Kithai na utamaduni wa Kitao, yaani dini yao ya kale, kiingilio bure, piga kengele. Nikapiga kengele. Alikuja kufungua mama mfupi wa Kichina, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, miguuni kandambili, mkononi chupa ya chai. Huyo ndiye Bi Lau. Akanitazama nguo, akatabasamu, akanionyesha kwa mkono: pita, tazama.

Nimeingia makumbusho mengine tangu siku ile, makubwa, yenye walinzi na ngazi za marumaru, na hakuna lililonishika namna ile. Sebule ya mbele ilikuwa imejaa makabati ya vioo ya vyombo vya Kichina, bakuli za buluu na nyeupe, na mie nikasimama mbele yake nikacheka peke yangu, maana bakuli zile nilizijua. Nje ya Tanga kuna makaburi ya kale yenye nguzo, na kwenye nguzo wazee walizipachika bakuli kama hizo hizo. Utotoni tulikuwa tunaingiza vidole kwenye matundu ya zile zilizokwisha kung'olewa. Chumba cha pili, kilichokuwa cha kulia chakula, kilikuwa cha Thailand: sahani za kijani kilichopauka, na Buddha wa shaba aliyesimama kainua mkono mmoja, kama mtu anayesema ngojeni kwanza. Cha tatu kilikuwa nyuma, na mlangoni mwake palikuwa na kizingiti cha ubao kilichonyanyuka mpaka karibu na goti, kwa hiyo huwezi kuingia bila kuinua mguu na kujua kwamba unaingia. Mle ndani ndimo moshi ulimotoka. Palikuwa na madhabahu yenye kitambaa chekundu, machungwa, vikombe vitatu vya chai, na juu yake sanamu ya Malkia Mama wa Magharibi na watu wanane wa visa vyao, wasiokufa. Mmoja ana mkongojo na kibuyu. Mwingine ana filimbi. Na nyuma ya mlango, pembeni, kwenye rafu yake mwenyewe, mzee mwenye ndevu amepanda punda kinyumenyume, uso umeelekea mkia.

Nilikuwa bado namshangaa huyo wa punda pale lilipoingia darasa zima la watoto wa shule, na mwalimu wao kijana ambaye alikuwa ameshashindwa tangu njiani. Mmoja alishika kabati la kioo, mwingine alikanyaga kizingiti, Bi Lau akapiga kelele kwa lugha yake. Mie miaka yangu ya ualimu ikanipanda yenyewe. Nikapiga makofi matatu yale ya mwalimu, kisha, kwa sababu nimevaa nyeusi na nimeahidi, nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nani ataniambia kwa nini mzee huyu amekaa kinyume?" Ukitaka watoto wanyamaze, nong'ona. Walinisogelea wote. Msichana akasema kuna kitu amesahau nyumbani. Mvulana akasema hapana, anatazama kama polisi wanamfuata. Mwingine akasema, "Eish, labda punda ndiye amegeuka." Tukalijadili jambo lile kwa makini, na walipotoka walitoka kwa mstari. Bi Lau alikuwa ameketi jikoni mlango wazi, anasikiliza.

"Wewe mwalimu," akaniambia. Hakuwa anauliza.

Kiingereza chake kilikuwa kifupi na changu kilikuwa cha chuo cha ualimu, tukaelewana. Alinieleza kwamba mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekusanya vitu vile, na kwamba wazee wa jamii yao ndio wanaoiendesha nyumba. Wageni walikuwa wameanza kuja lakini hapakuwa na wa kuwaongoza. Yeye aliona aibu kusema mbele za watu. Ningekuja kila siku nijifunze. Ikifika sikukuu ya Malkia Mama, wazee wote watakuja pamoja na wageni wa mjini, nami nitawaongoza mbele yao. Wakiridhika, kazi ni yangu, ya kudumu. Wasiporidhika, basi. Nilirudi kwa MaNkosi nikitembea katikati ya barabara kama mwenda wazimu.

Nilijifunza kwa nguvu zangu zote. Bi Lau alinisimulia kila kitu kinatoka wapi na kina kisa gani, nami nikimrudishia mpaka anaitikia kwa kichwa. Saa sita tulikula jikoni kwake, uji wa wali na yai la chumvi, na chai isiyo na sukari, adhabu kubwa kwa mtu wa Tanga. Siku ya kwanza alinipa chungwa kutoka madhabahuni, maana kwao chakula kikishawekwa mbele ya miungu watu wanakula. Nikamwambia samahani, Bi Lau, hicho mie siwezi, dini yangu hainiruhusu. Hakununa. Kesho yake alikuja na mfuko kutoka dukani, akatoa chungwa moja akaliweka mbele yangu kabla hajapeleka mengine ndani. "Hili halijafika kwao," akasema. Akafanya hivyo kila mara kwa miaka yote niliyokuwa naye. Watanzania wenzangu wa msikitini walipopata habari walikuwa na lao la kusema, eti Rukia anawatumikia masanamu. Niliwajibu kwamba naeleza, siabudu, na anayetaka kunilipia kodi ya chumba aje tuzungumze. Hakuja mtu.

Ya MaNkosi hayakuwa mepesi hivyo. Jirani alimwambia amenisikia nikisema mbele ya kundi la watu, wanaume wamo, na MaNkosi akaniita jikoni akaniambia kama ni hivyo, basi isiwe kutoka nyumbani kwake. Sikumjibu vibaya. Nilifunga mfuko wangu nikahamia Berea, ghorofa ya zamani karibu na Hillbrow, kwa Mama Bijou, Mkongo wa Lubumbashi niliyekuwa nikinunua kwake samaki wa chumvi. Chumba kimoja tulikigawa kwa pazia. Upande wake alipika sombe na fufu na kuimba nyimbo za kanisa. Upande wangu nilisali na kukariri majina ya Kichina kwa sauti mpaka akayajua na yeye. Nyeusi sikuivua. Kila Jumapili nilikwenda Troyeville kumsalimia MaNkosi nikiwa nimeivaa, nikaketi kwenye varanda, akaniletea chai kwenye kikombe changu kile kile, na hakuna aliyeitaja kazi.

Jambo moja sikulitilia maanani, nalo lilikuwa dogo kwa kulitazama. Mjini, mwanamke yeyote wa Kizulu akiniona alijua mara moja kwamba nimefiwa. Kwenye teksi walinipisha niende kiti cha nyuma kabla sijasema. Bi Lau hakujua. Aliniona Mwislamu nimevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, akadhani ni buibui. Nilimsikia kwenye simu akimweleza mzee wao mmoja kwa Kiingereza: mtulivu, anavaa ile nguo yao ya dini. Nikaona haina haja ya kumsahihisha, maana hakuniuliza mie.

Ikafika sikukuu. Nyeusi ya MaNkosi haiendi penye sherehe, amri ni yake mwenyewe, na mie nikaona kweli, si adabu kuwapelekea watu msiba wangu kwenye furaha yao. Nikaikunja nikaitia mfukoni niivae tena nikitoka, na nikalitoa gauni langu jeupe, lile la Idi, na mtandio mweupe. Kwetu hakuna vazi la heshima kupita hilo. Ndilo la Ijumaa, ndilo la maulidi. Mama Bijou alizunguka nyuma yangu akikagua pindo. "Njo ile!" akasema. "Uko muzuri kabisa, sawa mutoto wa première communion, komunyo yake ya kwanza. Bakikukatala, bana matatizo." Nikatoka nikijiona malaika.

Lango jekundu lilikuwa limefunguliwa, taa nyekundu za karatasi zimetundikwa varandani, watu wamejaa uani, wamevaa rangi zote za furaha. Niliingia natabasamu. Nikaona tabasamu zao zinaondoka, moja baada ya nyingine, kuanzia walio karibu. Mama mmoja akamvuta mtoto wake. Mzee Ho, mwenyekiti wao, mtu mrefu aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alikuwa amenyoosha mkono kunisalimu. Akaurudisha, akageuka upande. Sikuelewa kitu. Nikajitazama, labda nimejichafua. Bi Lau akanijia mbio, akanishika kiwiko, akanipeleka jikoni akafunga mlango.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

Ndipo akanieleza, haraka haraka, kwamba kwao nyeupe ndiyo nguo ya msiba, tena mtu kuvaa nyeupe tangu kichwani, kitambaa na yote, siku ya sikukuu! Wote nje wanajiuliza ni maiti ya nani nimewaletea. Ningeweza kumwambia hapana, Bi Lau, kwetu hii ni nguo ya Idi, na ingekuwa kweli tupu. Angetoka akawaeleza, wangecheka, kazi ingeendelea. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini jamani, lile swali. Kwa MaNkosi hakuna aliyelihitaji, walijua. Mtaani walisoma nguo wakanikwepa. Kule msikitini walinipa pole wakapita. Tangu Vusi afe hakuna binadamu aliyenitazama usoni akaniuliza nani amekufa. Sikuweza kumkana mume wangu kwa ajili ya kazi.

"Mume wangu," nikasema. "Anaitwa Vusi." Nikafungua mfuko nikamwonyesha ile nyeusi. "Hii si buibui. Hii ndiyo yake." Na nikalia, nikalia pale kwenye meza ya Bi Lau kuliko nilivyolia kwenye godoro, wanja wote ukashuka kwenye gauni la Idi.

Aliketi. Alivua miwani akaishika. "Sikukuuliza," akasema, na akarudia tena, "sikukuuliza." Halafu akaniambia yaliyobaki, kwa upole lakini bila kuyapunguza: kwao mwenye msiba haingii mbele ya madhabahu mpaka mwaka wake uishe. Si kwa kuwa ni mchafu. "Wale wa ndani hawajui kufa," akasema. "Hawana la kukusaidia." Akaniambia niende nyumbani, nipumzike, tutaongea siku nyingine.

"Siendi," nikasema.

"Rukia, wazee wapo nje."

"Nikiondoka leo sirudi, Bi Lau. Wewe unajua na mie najua. Wazee watatafuta mtu mwingine, na mie nitapandishwa basi la kurudi Tanga. Kizingiti kiko pale. Mie nitasimama nje yake, watu wataingia ndani."

"Ukiwa nje huoni pembeni. Huoni rafu ya nyuma ya mlango."

"Sihitaji kuiona."

Kisha akainuka, akalowesha kitambaa akanifuta uso kwa nguvu kama mama anavyomfuta mtoto, akaichukua shali nyeusi ya MaNkosi kutoka mfukoni akanifunika mabega. Akatoka kuzungumza nao. Kupitia mlango nilimsikia, yeye aliyeona aibu kusema mbele za watu, akisema kwa muda mrefu, na Mzee Ho akimkatiza, na yeye akiendelea. Maneno sikuyaelewa. Aliporudi alisema tu, "Njoo. Sauti ya chini."

Sauti ya chini ndiyo pekee niliyokuwa nayo mwaka ule. Niliwapitisha sebuleni na chumba cha Thailand, na tulipofika nyuma nikasimama upande wa huku wa kizingiti, visigino pamoja, wakanipita mmoja mmoja wakaingia. Wa mwisho alikuwa Mzee Ho, ambaye hakunitazama. Nikaanza. Niliwaeleza kitambaa, nikawaeleza Malkia Mama na bustani yake ya mapichi, nikaenda kwa mwenye mkongojo na kwa nini roho yake inakaa kwenye mwili wa ombaomba. Ili kunisikia ilibidi wanyamaze, na wageni wa mjini waliacha kunong'onezana. Nilipomaliza ya mbele, Mzee Ho, akiwa bado ameelekea madhabahu, akasema kwa Kiingereza, "Na nyuma yangu?" Kutoka nilipokuwa niliona ubao wa mlango tu. Nikasema, "Nyuma yako, Mzee, kwenye rafu ya mti mweusi, yupo aliyepanda punda kinyumenyume. Sikio la kushoto la punda limevunjika na kuungwa, gundi imekuwa ya njano. Yeye hatazami anakokwenda, anatazama anakotoka, na bado anafika. Tafadhali sogea kidogo, umemzibia njia." Watu wakacheka. Mzee Ho akageuka, akalitazama lile sikio, akasogea.

Kazi nikapata. Walitoa sharti kwamba mpaka mwaka uishe nisivuke, na mie nikalitimiza. Kwa miezi iliyobaki niliongoza shule, watalii na wanafunzi wa sanaa nikiwa nimesimama nje ya chumba kile na nguo zangu nyeusi, na wapo waliodhani ndivyo mambo yanavyofanywa na Watao. Bi Lau alikuwa akipita na machungwa yake kwenda ndani, akanipa langu mlangoni.

Siku moja mwishoni mwa mwaka ule kengele ikalia, nikafungua, nikamkuta MaNkosi amevaa sare ya kanisa lake, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, mkoba mkononi. Siku iliyotangulia alikuwa ameniita nyumbani. Alinichomea nyeusi zote uani, akaninyoa, akanipa gauni la buluu alilolinunua mwenyewe, na sikujua kwamba alikuwa na safari nyingine moyoni. Akanipita bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja hadi kwa Bi Lau.

"Mimi ni mama yake Vusi," akasema. "Huyu ni makoti wangu. Nimeambiwa kuna mlango hapa asiouingia. Mwaka umekwisha, nimesema mimi."

Bi Lau alimwinamia mpaka miwani ikagonga vifungo vyake. Akamketisha, akammiminia chai, MaNkosi akaionja akauliza sukari iko wapi, na kwa mara ya kwanza sukari ikatafutwa katika nyumba ile. Kisha wote wawili wakasimama kunitazama. Niliinua mguu wa kulia nikavuka. MaNkosi alibaki nje, mkoba kifuani, akaniuliza kwa sauti kubwa, "Yuko wapi huyo wa punda?"

Basi ndiko nilikokwenda nimevaa nyeupe, baada ya miaka hii yote. MaNkosi naye alikwisha kutangulia. Lango limepakwa rangi ya kijivu na mnunuzi. Sebule tupu, chumba cha Thailand kitupu, na ukutani alama za makabati. Binti yake Bi Lau alitangulia na watoto wake wawili, kijana mwenye simu mkononi na msichana wa miaka kumi hivi, wakaingia chumba cha nyuma. Kizingiti bado kilikuwepo. Nilifika nikasimama, visigino pamoja.

"Ingia, Anti," akasema binti. "Hakuna kitu tena humu."

"Siingii. Mwaka haujaisha."

"Mwaka wa nani?"

"Wa mama yako. Hakuna aliyebaki wa kuniambia, kwa hiyo utaisha nikisema mimi."

Ndipo akalitazama gauni langu, na mtandio, akaelewa, akaweka mkono mdomoni. Nililia kidogo na yeye akalia. Kisha akafungua mkoba wake akatoa chungwa, lina karatasi ndogo ya duka bado, akanipa juu ya kizingiti bila kusema neno. Nikalitia mfukoni, nikajifuta uso, nikapiga makofi matatu. Kijana akaiweka simu.

"Mbele yenu," nikasema kwa sauti ya chini, "kuna kitambaa chekundu, na vikombe vitatu vya chai, bado vina moto." Wakasogea ili wanisikie. Nikawapitisha kwa Malkia Mama, na kwa mwenye mkongojo, na kwa mwenye filimbi, mpaka msichana akauliza, "Na huku nyuma yangu?"

"Huko nyuma yako yuko aliyepanda punda kinyumenyume," nikamwambia. "Tazama sikio lake."

Akageuka kwenye ukuta mtupu, akatazama, akarudi hatua moja kumpisha.